Kabla hujaweka besi chini ya sauti ya shangazi yako, mwombe ruhusa

Kama umewahi kukaa Garissa mwezi wa Februari, unajua kwamba saa nane mchana si saa ya kugusa laptopu. Joto linapita nyuzi 35, feni ya ndani inalia kama tuktuk iliyobeba watu saba, na mashine inazima yenyewe kabla hujahifadhi kazi. Kwa hivyo mimi hungoja. Baada ya swala ya Isha natandika mkeka uani, naweka maji karibu, navaa vipokea sauti, naanza kutengeneza house.

Cheka tu, nimezoea. Kila nikimwambia mtu wa Nairobi kwamba natengeneza house nikiwa Garissa, ananiuliza nacheza wapi. Jibu ni harusini. Hapa kwetu harusi ndiyo klabu, ndiyo tamasha, ndiyo redio. DJ akitaka kula, anakodisha spika na jenereta, anapigiwa simu na familia ya bwana harusi, anabeba mzigo wake kwa tuktuk mpaka kwenye hema. Laptopu yenyewe ni ile niliyonunua nikiwa chuoni. Chuo nilikiacha, laptopu ikabaki.

Na ni harusini nilikofanya kosa ambalo nataka kukusimulia, kwa sababu naona wasee wengi wanaoanza kazi hii wanalifanya bila hata kujua ni kosa.

Ilikuwa Bulla Iftin. Wanaume walikuwa nje, wanawake ndani ya hema lililozungushiwa turubai. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha maikrofoni ya wanawake inafanya kazi, halafu nikae mbali. Nilikaa mbali, lakini waya wa ile maikrofoni ulipita kwenye mikisa yangu. Ndani wakaanza buraanbur.

Kama hujui buraanbur, hiyo ni aina ya ushairi wa wanawake wa Kisomali. Mmoja anaghani, wenzake wanapiga makofi na ngoma, mwingine anaingia katikati kucheza. Beti husifu bibi harusi, mama yake, watu wake, na pengine huwatania kidogo wakwe. Mtoto wa kiume huruhusiwa kuona akiwa mdogo, halafu siku moja anaambiwa atoke. Mimi nilitolewa nikiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kutoka upande wa pili wa turubai.

Sauti iliyokuwa ikighani ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba. Kisomali namwita eeddo. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Usiku ule sikulala. Niliiweka sauti yake kwenye programu, nikaweka mapigo 122 kwa dakika, nikaongeza kiki. (Si ile kiki ya wasanii wanaotafuta kuandikwa kwenye magazeti. Nasema ile ngoma nzito ya chini, inayopiga mara nne katika kila mzunguko bila kuchoka. Ukiitoa hiyo, house si house.) Nikakwama papo hapo. Programu inataka kila pigo likae kwenye kisanduku chake, lakini mama zetu hawapigi makofi kwenye visanduku. Wanatangulia kidogo pale mshairi anapopandisha sauti, wanabaki nyuma kidogo anapovuta pumzi. Nilijaribu kuyanyoosha yale makofi kwa lazima, yakawa kama ya roboti. Nikayarudisha yalivyokuwa. Mwishowe nikafanya kinyume: nikaacha makofi na sauti vikae vilivyo, nikawa nasogeza ngoma yangu mimi, pigo kwa pigo, mpaka ikawafuata. Ilinichukua mpaka adhana ya alfajiri. Wimbo ulipokaa sawa, nywele zilinisimama. Nakwambia ukweli, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Asubuhi nikaupakia mtandaoni. Sikuandika jina la eeddo. Sikumwambia.

Siku chache baadaye eeddo alikuwa Soko Mugdi kununua nyama. Akapanda tuktuk kurudi nyumbani. Kijana anayeendesha alikuwa na spika kubwa kuliko kiti cha abiria. Na ndani ya ile spika, eeddo akajisikia mwenyewe, akighani, juu ya ngoma asiyoijua, wanaume wawili wa mbele wakitikisa vichwa.

Aliniita jioni. Lazima ujue kwamba kwetu shangazi anakuita kwa jina lile lile unalomwita wewe, kwa hivyo hata akiwa na hasira bado anakuita shangazi.

"Eeddo," akaniambia, "ile sauti uliipata wapi?"

"Kwenye maikrofoni, eeddo."

"Nani alikupa?"

Nikanyamaza.

Mimi nilidhani tatizo litakuwa dini. Wazee wengi hapa hawapendi ala za muziki, na mimi nawaheshimu, kwa hivyo nilikuwa nimejiandaa: hakuna gitaa, hakuna kinanda, ni sauti na ngoma tu, na ngoma hata harusini ipo. Hakuniuliza hayo. Aliniambia kwamba beti zile zilitaja watu kwa majina, familia mbili zilizokuwa zikiunganishwa siku ile, ndani ya hema, mbele ya wanawake wenyewe. Sasa majina yao yanazunguka sokoni. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua kabisa. Ule ubeti wa kwanza haukuwa wake. Ulitungwa na ayeeyo, bibi yangu, Mungu amrehemu, kwa ajili ya harusi ya eeddo mwenyewe.

"Umeuza kitu ambacho hata mimi nimekiazima," akasema.

"Sijauza, eeddo. Niliweka bure."

"Bure ni mbaya zaidi."

Nikaufuta. Lakini wewe unajua mtandao. Nakala moja bado iko kwenye akaunti ya mtu nisiyemfahamu. Jina langu halipo, la eeddo halipo, la ayeeyo ndiyo kabisa. Imeandikwa tu kwamba ni muziki wa jangwani.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi wenzetu walivyoijenga kazi hii, nikitafuta hasa mahali pamoja: walipochukua sauti ya mtu mwingine, walifanyaje? Kwa sababu house imetokana na kuazima. Mwaka wa 1977 kulifunguliwa klabu Chicago iliyoitwa The Warehouse, na jina house lilitokana na hilo jina. DJ wake alikuwa Frankie Knuckles. Waliojaa pale walikuwa vijana weusi na Walatino ambao milango mingine mingi ya mji haikuwafungukia. Knuckles alichukua nyimbo za disko za watu wengine, akazirefusha, akazikata, akaziongezea ngoma za mashine. Kwa hivyo usije ukaambiwa na mtu kwamba DJ halisi hagusi sauti ya mwingine. Anagusa, kazi ni hiyo. Shida iko kwenye namna ya kugusa.

Na usiambiwe kwamba kazi hii ni ya watoto wa miji mikubwa. Black Coffee, Mwafrika Kusini ambaye sasa anazunguka dunia nzima, alilelewa Mthatha, mji wa mkoani. Mwaka wa 1990, katika shamrashamra za kuachiliwa kwa Nelson Mandela, gari liligonga umati, naye akapoteza uwezo wa kutumia mkono wa kushoto. Akajifunza kazi ya mikono miwili kwa mkono mmoja. Mwaka wa 2022 albamu yake Subconsciously ilishinda tuzo ya Grammy. Nikiona stima imepotea katikati ya kazi yangu, na wakati huo huo nakumbuka kwamba nje kidogo ya mji huu kuna kituo cha sola cha megawati 50 kilichozinduliwa mwaka wa 2019, hasira zinanipanda. Halafu namkumbuka Black Coffee, naenda kutafuta betri.

Hapa Kenya, mtu ninayemfuatilia zaidi ni Coco Em wa Nairobi. Huyu dada alikuwa mtu wa kamera na filamu kabla hajajulikana kwa u-DJ. Mwaka wa 2022 alitoa kazi yake aliyoiita Kilumi kupitia lebo ya Ufaransa, InFiné. Kilumi ni ngoma ya Wakamba, ngoma ya ibada ambayo wanawake wazee ndio wenye kuishika. Sikiliza alivyofanya: hakuleta kilumi kama pambo juu ya biti za Ulaya. Aliifanya kuwa jina la kazi yenyewe, ili hata Mfaransa anayeinunua alazimike kuuliza kilumi ni nini. Pia ana mpango uitwao Sim Sima, unaofundisha wanawake u-DJ. Hilo la pili linanigusa kuliko la kwanza. Katika mji wangu, harusi nzima upande wa wanawake unahitaji DJ mwanamke, na mimi mwanamume ninakaa nje nikiwarushia sauti kupitia waya. Dada, kama uko Garissa, Wajir au Mandera na unasoma hii, soko lako liko wazi na hakuna mwanamume anayeweza kukunyang'anya. Mimi siwezi hata kuingia mlangoni.

Halafu kuna Sofiya Nzau. Bila shaka umesikia Mwaki, ule wimbo wa 2023 wa Zerb, mtayarishaji wa Brazil. Sauti ile ya Kikuyu ni ya Sofiya, na mwaki ni moto. Watu wa nchi ambazo hata hazijui Kikuyu ni lugha ya wapi waliucheza. Mimi ninachokuomba utazame ni kitu kidogo: jina lake limeandikwa kwenye wimbo, sambamba na la Zerb. Ingia kwenye maktaba za mtandaoni wanakouza vipande vya sauti uone mambo mengine. Utapata sauti za wanawake wa Kiafrika zilizoandikwa tu kwamba ni za kikabila, hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna lugha. Mimi nilimfanyia eeddo hivyo hivyo, na mimi ni mtoto wa kaka yake.

KMRU hapigi house, muziki wake ni mtulivu, wa kusikiliza ukiwa umefumba macho. Lakini mfano wake siwezi kuuacha. Jina lake ni Joseph Kamaru, na babu yake alikuwa Joseph Kamaru yule yule, gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Kijana huyu angeweza kukata vipande vya babu yake akavitia kwenye kazi zake na hakuna ambaye angemshtaki. Badala yake amekuwa akizisafisha rekodi za babu na kuzitoa upya zikiwa nzima, kwa jina la babu, huku yeye akiendelea na muziki wake kando.

Na kwetu? Usifikiri tunaanza kutoka sufuri. Kuna Gargar, kikundi cha wanawake wa Garissa waliorekodi na Ketebul Music ya Nairobi kazi iitwayo Garissa Express. Wanawake wenyewe mbele ya maikrofoni, wanajua wanarekodiwa, jina la mji wao juu ya jalada. Mtu akitafuta Garissa mtandaoni, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni Aprili 2015 na watu 148 waliouawa chuoni. Hatutasahau na hatutaki isahaulike. Ila ningependa chini yake kuwe na sauti pia.

Kabla ya Gargar kulikuwa na kaseti. Abti yangu, mjomba, alikuwa na sanduku zima. Bendi za Mogadishu za miaka ya 1970 na 1980: Dur-Dur, Iftin na wenzao, na besi zao na vinanda vyao vya umeme. (Ndiyo, Iftin, neno lile lile la mtaa wetu. Maana yake ni mwanga.) Nilipozisikia mara ya kwanza nikiwa na vipokea sauti vizuri, nilikasirika. Kumbe watu wetu walikuwa wakicheza disko kabla mimi sijazaliwa, na mimi najiona ndiye wa kwanza! Vita vikaja, Siad Barre akaanguka Januari 1991, watu wakamiminika Dadaab, bendi zikasambaratika. Kule Hargeisa, kanda za redio zilikuwa zimefukiwa ardhini ili mabomu ya mwaka wa 1988 yasiziharibu. Kutokana na kanda kama hizo, lebo ya Ostinato ya New York ilitoa mkusanyiko mwaka wa 2017, Sweet as Broken Dates, ukateuliwa kuwania Grammy. Mwaka wa 2019 Analog Africa ya Ujerumani ikatoa Mogadisco. Siwalaumu. Walisafiri, wakawatafuta waliozihifadhi kanda. Nauliza tu ni kwa nini sanduku la abti bado liko chini ya kitanda na hakuna kati yetu aliyelifungua.

Sheria nayo ipo, ingawa sijawahi kukutana na DJ aliyeisoma. Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: ukitaka kuchukua sanaa ya jamii kuitumia nje ya desturi yake, jamii iambiwe kwanza na ikubali. Ukiongeza ile sheria ya hakimiliki ya kawaida, inayomlinda mtunzi na mwimbaji, utaona kwamba usiku ule nilikosea zaidi ya mara moja kabla ya alfajiri.

Nilirudi kwa eeddo baada ya mwezi. Nilibeba laptopu na chai ya kilo. Nikamsikilizisha wimbo wote, kwa mara ya kwanza, kwenye vipokea sauti na si kwenye spika ya tuktuk. Alifumba macho. Kidole chake kikaanza kupiga goti. Ulipoisha akaniuliza, "Kwa nini hapa katikati umenikata pumzi?" Msee, niliona aibu. Kweli nilikuwa nimezikata pumzi zake zote ili sauti iwe safi. Nikazirudisha mbele yake. Wimbo ukawa bora, na najua nakubaliana naye kama mtayarishaji, si kama mpwa.

Halafu tukaanza kuongea masharti. Majina ya zile familia mbili yatoke. Sawa. Jina lake liandikwe, na la mama yake liandikwe. Sawa. Pesa zikija, hata kama ni za kununua kadi ya simu, mgao uandikwe leo kabla hazijaja. Tukauandika kwenye daftari la mtoto wake la hesabu. Sharti la mwisho lilikuwa kwamba wimbo usichezwe mahali pa pombe.

Hapo ningeweza kudanganya. Wewe ungefanyaje? Wimbo wa house ukishatoka, DJ wa Westlands ataupiga, wa Berlin ataupiga, na mimi niko hapa na mkeka wangu. Nikamwambia, "Eeddo, hilo siwezi kukuahidi." Alinyamaza kitambo, nikajua mambo yameharibika. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, sauti itakayokwenda huko haitakuwa ya harusi ya mtu. Ataghani beti mpya, alizozitunga yeye, ambazo akizisikia mahali popote hataona haya.

Wiki iliyofuata aliniita nirekodi. Mchana, mlango wazi, simu yangu juu ya meza mahali anapoiona. Beti mpya zilikuwa za mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, Tana ilipokata barabara pale Madogo na sisi tukawa kisiwa, bei ya kila kitu ikapanda. Ndani yake kuna utani kwa serikali ambao siwezi kuuandika hapa. Majirani watatu walikuja kupiga makofi, nao majina yao yako kwenye daftari.

Ila kuna kitu kimoja hakutaka kukiacha, na mimi pia sikutaka. Ule mstari wa kwanza wa ayeeyo. Alisema bila huo yeye hajui kuanza. Mstari huo ni wa mabinti watano wa ayeeyo kwa pamoja, na lazima wote wakubali. Eeddo mwenyewe amekubali. Mmoja aliyeko Eastleigh alikubali kwa simu, akataka atumiwe wimbo. Mwingine yuko Minnesota, akalia kidogo, akakubali. Wa nne alisema kama dada zake wamekubali yeye ni nani.

Wa tano yuko Wajir. Ni mkubwa wao, na ndiye aliyekaa na ayeeyo mpaka mwisho. Simu anapokea, lakini jambo kama hili halizungumzi kwa simu. Ameniambia nije, nikae chini, nimwambie uso kwa uso ninachotaka kufanya na maneno ya mama yake. Alhamisi napanda gari. Laptopu nimeichaji, na vipokea sauti nimebeba vya ziada, vile vikubwa, maana sikio lake moja halisikii vizuri.